Mganga mfawidhi ana mabosi wangapi?

Watu wanamtukana sana mganga mfawidhi, yaani daktari anayesimamia hospitali ya wilaya, ila hawajiulizi huyu mtu anajibu kwa nani. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye yuko chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), anamwona kama chanzo cha mapato, kila kikao makusanyo yamefika wapi. Wizara ya Afya inamwona mtekelezaji wa sera, na sera ya 2007 inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo watibiwe bure. Halafu anakuja CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, yeye anataka risiti.

Wanaotetea mifumo ya malipo ya kielektroniki wana hoja, tena nzito. Tangu wagonjwa waanze kuchangia gharama 1993 hela ilikuwa inapokelewa dirishani kwa kitabu cha risiti na hivyo vitabu vilikuwa na miujiza yake, wenyewe mnajua. Leo unapewa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) unalipa kwa simu, mwisho wa siku inaonekana imeingia ngapi. Anayetaka turudi kule labda alikuwa anakaa dirishani.

Shida yangu iko kwenye kikao. Kikao kinauliza shilingi tu, mama aliyejifungua salama kwa msamaha wa malipo pale haonekani, akionekana basi ni pengo la mapato. Sasa mfawidhi hawezi kusema msamaha umefutwa, atakachofanya ni kuuacha uwe mgumu, nenda ustawi wa jamii, ofisa yupo semina, kalete barua ya mtendaji, njoo kesho, na huku mama kaambiwa aje na glavu zake. Hakuna aliyevunja sheria hapo!

Dawa nazo hivyo hivyo. Ukitaka kununua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeteuliwa (ule utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma 2014) lazima kwanza MSD, bohari ya dawa ya serikali, wathibitishe hawana. Ukisubiri ile karatasi mgonjwa anaumia, ukinunua bila karatasi una hoja ya ukaguzi, na hoja haiangalii kama mgonjwa alipona.

Kuna wanaosema basi vituo viachiwe hela zao, na kweli tangu 2017/18 hela zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Naikubali nusu, maana mhudumu huyo huyo mmoja anayezalisha ndo anajaza na mahesabu ya FFARS (mfumo wa hesabu za vituo) usiku.

Mimi kontroo namba nisingeigusa. Ningegusa fomu ya kikao, safu ya makusanyo, pembeni yake misamaha yote kwa thamani ya shilingi, halafu safu ya tatu: nani anairudisha hiyo hela. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshaweka mfuko wa wasio na uwezo, kwa hiyo jina la kujaza pale lipo. Ila hiyo safu nadhani haitapendwa, kwa sababu ikijazwa swali linatoka kwa mfawidhi linapanda mpaka Hazina.