Gari la Spoti la Zamani Mombasa: Nunua Bodi, Injini Baadaye

Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, lita mbili, turbo, nguvu za farasi 250, waweza kuikuta Mombasa leo ikiuzwa kwa bei inayokaribiana na ya Demio au Vitz ya miaka ya karibuni. Kwa kijana aliyejinyima akaweka akiba, hapo ndipo moyo na kichwa huachana njia. Nyumbani wanamwambia achukue Vitz. Barazani wanamwambia ujana hauji mara mbili.

Mapenzi yenyewe hayakuzuka tu. Tumekua tukimwona Patrick Njiru na Subaru yake kwenye Safari Rally. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, aliishinda Safari na Toyota Celica. 1997 Colin McRae akaishinda na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye vivyo hivyo. Magari yale yalipita kwenye vumbi letu na matope yetu yakashinda, na hadi leo mlio wa injini ya Subaru ukisikika Moi Avenue watu wazima hugeuza shingo. Kumwambia kijana kuwa hayo ni upuuzi ni kutomwelewa.

Kwa hivyo anunue ama asinunue? Mimi nasema anunue, lakini kwa masharti ambayo wauzaji hawapendi kuyasikia, na la kwanza ni kuangalia bodi kabla ya kufungua boneti.

Kwanza lazima ieleweke kwa nini magari haya hayapatikani kama mengine. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Meli za magari zinazofunga gati Kilindini haziwezi tena kutuletea Impreza ya 2003, wala Toyota Altezza ya 2001. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinapungua: moja imegonga lori Mariakani, nyingine imechinjwa ikauzwa vipuri, nyingine imeachwa nyuma ya gereji hadi miti ikaota kwenye bampa.

Wanaotetea ununuzi hulishika jambo hili kwa mikono miwili, na wana haki. Gari jipya kutoka yadi huanza kupoteza thamani siku ile ile linapopata namba. Gari la spoti la miaka 20 limeshapoteza lililokuwa la kupoteza. Likitunzwa, baada ya miaka mitatu waweza kuliuza kwa bei isiyo mbali na ile uliyonunulia. Tena, kwa kuwa ni machache, wenyewe hujuana. Ukitaja rangi na namba za gari kwa mafundi wawili watatu wanaoshughulika na Subaru, utasikia limepita mikononi mwa nani, lilinoki lini, na nani alilifungua injini. Kwa Vitz hupati historia kama hiyo.

Ila uchache huo huo ndio unaolifanya gari bovu liendelee kuzunguka. Mnunuzi anajua akilikosa hili hajui lini atapata jingine, kwa hiyo anafumba jicho. Gari lililopaswa kukatwakatwa linapigwa puti ya kuziba mashimo ya kutu, linapakwa rangi ya samawati na rimu za dhahabu, linaingia tena sokoni.

Na Mombasa hapa ndipo puti huficha mambo. Tunaishi kisiwani. Chumvi ya bahari iko hewani usiku na mchana, na unyevu haukauki hata wakati wa kaskazi. Kuna magari yaliyoanza kuliwa hata kabla ya kufika: yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Likija hapa likalazwa nje Nyali au Bamburi miaka 15, kutu inamalizia kazi iliyokwisha kuanza. Injini ikifa, ya kutoka Japani hutafutwa ikafungwa. Giaboksi vivyo hivyo. Lakini bodi ya Impreza ya zamani iliyooza hakuna meli itakayokuletea nyingine.

Kwa sababu hiyo, siku ya kukagua, lipandishe juu. Taa ya simu inatosha. Angalia matao ya magurudumu ya nyuma kwa ndani, vizingiti chini ya milango, mahali shokamzoba zinapojishika na bodi, na mabomba ya breki yanayopita chini. Inua kapeti uguse sakafu. Ikiwa na unyevu, jiulize maji yanaingilia wapi. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe kwenye fenda za chuma: isiponata, hapo chini kuna puti nene. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari la miaka 20 isikufurahishe mpaka mwenyewe akueleze kwa nini ilipakwa.

Ndiyo maana gari lililoishi Nairobi au Nakuru mara nyingi lina bodi bora kuliko la hapa. Nenda ukalitafute huko. Lakini kama ni la turbo na injini yake imechezewa kompyuta huko juu ili iongeze nguvu, kuna jambo wauzaji hawalisemi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na ya Mombasa. Likishuka huku, hewa nzito inaingia na turbo inashindilia kiasi ambacho fundi wa Nairobi hakukipangia, huku joto letu likiifanya hewa hiyo iwe ya moto zaidi. Hapo pistoni na beringi za krenki ndizo zinazoumia. Lipimwe upya kabla halijakanyagwa. Injini isiyo na turbo haina wasiwasi huo. Yenyewe hufurahia kushuka, kwa kuwa hatimaye inavuta pumzi kamili.

Upande wa injini, WRX inadai nidhamu. Oili nzuri, ibadilishwe kila kilomita 5,000 au mapema. Belti ya taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye injini hii ikikatika vali na pistoni hugongana, basi umeshanunua injini nyingine. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee kwa gari lililopita mikono mingi. Kama hakuna risiti ya belti, hesabu kuwa haijabadilishwa, na gharama hiyo iondoe kwenye bei. Mazda RX-8 ni nzuri kutazama na tamu kuendesha, lakini injini yake ya rota imeundwa kuchoma oili kidogo kila inapozunguka, na sili zake zikilika hukataa kuwaka ikiwa moto. Katika foleni ya Kongowea saa nane mchana, mwezi wa pili, sikutakii hiyo.

Altezza RS200 ndiyo ninayoipigia debe. Lita mbili bila turbo, farasi 210 ikiwa ya manuali, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mafundi wetu wameizoea. Haitaishinda WRX kwenye mlima, ni kweli. Lakini usukani wake unakueleza tairi zinafanya nini, na kuibadilisha gia kwa mkono wako mwenyewe ukielekea Kilifi alfajiri, madirisha wazi, ni raha ambayo Vitz haitakupa hata uiendeshe miaka kumi.

Wapinzani watauliza: raha hiyo utaipata wapi? Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, barabara kuu hauzidi 110, na baina ya matuta, tuktuk na bodaboda hata 50 ni bahati. Hoja hii ni nzito kuliko watu wa spoti wanavyokubali. Anayetaka kasi tu atauza gari hili ndani ya mwaka, au ataliangusha mtaroni. Gari la namna hii linamfaa anayependa kuendesha kwenyewe, hata kwa mwendo wa kawaida.

Gari likiwa chini sana nalo ni taabu. Kivukoni Likoni maji yakipwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na bampa iliyoshushwa itasaga zege huku maji ya chumvi yakirukia chini ya gari. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, kwa hiyo wa kwenda Diani ana njia nyingine. Wa kuvuka kila siku asubuhi achague gari ambalo halijashushwa.

Petroli utanunua nyingi kuliko jirani, hilo halina mjadala. Bima nayo ulizia mapema, kwa sababu kampuni nyingi husita kutoa komprehensivu kwa gari la umri huo, na ukibaki na thadi pati, gari likiibwa au ukiligonga mwenyewe hasara ni yako peke yako. Logibuku itafutwe eCitizen kabla hujatoa hata shilingi ya kushika gari: uone jina la mwenyewe, kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai, na kama namba ya injini iliyoandikwa ndiyo iliyogongwa kwenye chuma. Magari haya hubadilishwa injini mara kwa mara, na si kila aliyebadilisha alikwenda kusajili.

Sharti langu la mwisho ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Kama hili ndilo gari pekee nyumbani, la kumpeleka mama kliniki na watoto madrasa, chukua Vitz, na WRX iache kwanza. Gari la miaka 20 litalala gereji, hata likiwa zuri, na kuna vipuri utakavyosubiri vitoke Grogan, Nairobi, au mbali zaidi. Lakini kama una pikipiki au gari jingine la kazi, na pesa uliyoweka waweza kuigawa mafungu matatu, mawili ukanunulia na moja likabaki kwa mwaka wa kwanza wa matengenezo, sioni sababu ya kukuzuia. Mpigie mwenye gari, mwambie unakuja na fundi wako na mtalipandisha juu. Akikwambia hana muda wa mambo hayo, mshukuru, ukate simu.