Heri Barua ya Kukataliwa

Mwezi Mei 2024 maji ya Mto Tana yaliingia kijijini kwetu, upande wa Garsen nchini Kenya, na mwezi Julai mwaka huohuo Kimbunga Beryl kikaingia Houston, Marekani, ninakoishi na familia yangu. Kwa hiyo mimi na mama yangu tulipatwa na maafa katika kipindi kimoja, kila mmoja chini ya serikali yake, na tangu hapo nimekuwa nikizilinganisha serikali hizo mbili kwa jambo moja tu: zinavyomjibu mtu aliyepoteza mali anapouliza kama atasaidiwa au la.

Beryl kilifika pwani ya Texas alfajiri ya tarehe 8 Julai, na siku hiyohiyo wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo la Houston walikuwa hawana umeme. Kwetu mwaloni wa jirani uliangukia paa la chumba cha watoto, ambao kwa bahati walikuwa wamelala sebuleni. Siku zilizofuata tulikaa katika joto lile, madirisha wazi, huku samaki na nyama zikituozea kwenye friza na turubali la buluu likipigapiga juu ya vichwa vyetu usiku kucha.

Msaada wa serikali ya shirikisho nchini Marekani hauanzi kwa huruma ya mtu. Chini ya sheria ya Stafford ya mwaka 1988, jimbo huomba, rais hutangaza maafa makubwa na kutaja kaunti zinazohusika, na kuanzia hapo kila kaya hujiandikisha yenyewe kwa FEMA, yaani shirika la shirikisho linaloshughulikia dharura, kwa simu, kwa mtandao au kwa kwenda katika kituo kilichofunguliwa karibu. Kwa kawaida muda wa kujiandikisha ni siku 60. Ukimaliza unapewa nambari yenye tarakimu tisa, na mke wangu aliiandika yetu kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa friji, ambao kwa siku zile ulikuwa hauna kazi nyingine. Kwanza ziliingia dola 750 za mahitaji ya haraka, kiwango kilekile kwa kila kaya iliyostahili katika maafa yale. Kisha akaja mkaguzi na kompyuta yake ndogo, akapiga picha paa, akapima ukuta uliolowa, akauliza ni nani hulala chumba gani, akaondoka bila kuahidi lolote.

Baada ya hapo tukapata barua ya kukataliwa kuhusu matengenezo ya nyumba, na barua hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ilieleza kwamba kwa wakati ule hatukustahili kwa sababu nyumba ilikuwa na bima na hatukuwa tumeleta karatasi ya kampuni ya bima kuonyesha imelipa kiasi gani au imekataa, kwani sheria hairuhusu hasara moja ilipwe mara mbili. Kosa lilikuwa letu. Ilieleza pia karatasi gani inatakiwa, ipelekwe wapi, na kwamba tulikuwa na siku 60 za kukata rufaa. Tukapeleka, tukangoja, na mwishowe tukalipwa sehemu ya gharama ambazo bima haikuzigusa. Haikuwa fedha nyingi. Lakini nilikaa na ile barua mezani muda mrefu nikiisoma tena na tena, maana katika miaka yangu yote nilikuwa sijawahi kukataliwa na serikali kwa maandishi, kwa jina langu, pamoja na sababu.

Sitaki msomaji aone huku ni peponi. Ruzuku hizo zina kikomo, ambacho mwaka ule kilikuwa dola 42,500 kwa nyumba na kiasi kama hicho kwa mahitaji mengine, na wengi hawakaribii hapo. Bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko; inabidi ununue nyingine, ambayo mara nyingi huanza kufanya kazi baada ya siku 30, na wakati wa Kimbunga Harvey mwaka 2017 watu wengi sana wa Houston hawakuwa nayo. Mwenye viza ya muda hapewi fedha hizo, na asiye na karatasi huogopa hata kuuliza, ingawa akiwa na mtoto ambaye ni raia anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto huyo. Ninao majirani Wakongo, waliokuja kama wakimbizi na kwa hivyo wanastahili kabisa, waliotupa barua zao kwa kuwa neno la kwanza walilolitambua lilikuwa la kukataa. Niliwasomea kwa Kiswahili kwenye ngazi za nyumba yao, na wawili kati yao wakakata rufaa.

Sasa njoo Tana. Maji yalipopanda mama alihamia na mbuzi wake kwenye mwinuko wa shule pamoja na nusu ya kijiji. Migomba yote ilizama, na mahindi yaliyokuwa yamekaribia kukomaa yakaozea majini. Wiki ya pili mtu wa ofisi alikuja na daftari la kurasa 96, la watoto wa shule, akaandika majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu. Mama aliambiwa kutakuwa na pesa. Zilikuja unga, maharagwe, blanketi na turubali, na kwa hayo anashukuru hadi leo. Pesa hazikuja. Alipouliza aliambiwa majina yako Nairobi. Alipouliza tena aliambiwa asubiri, walioandikwa ni wengi. Hakuna aliyemwambia kwamba hastahili, wala kwamba anastahili ila fedha zimekwisha, wala kwamba nambari yake ya simu ilinakiliwa vibaya. Hilo la mwisho ndilo ninaloshuku, kwa sababu ukurasa alimoandikwa ulikuwa umelowa, naye aliona wino ukitanda mbele ya macho yake.

Jibu ninalopewa nikizungumza hivi ni kwamba Kenya ni nchi maskini na Marekani ni tajiri. Ni kweli, na jibu hilo lingenitosha kama ningekuwa nalalamikia kiasi. Fedha za dharura zipo katika sheria zetu: Katiba, katika Ibara ya 208, imeunda Hazina ya Dharura, na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wao. Mwezi uleule wa Mei Rais William Ruto alitangaza KSh 10,000 kwa kila kaya iliyohamishwa kingoni mwa mito jijini Nairobi. Na njia ya kumfikishia mtu shilingi zake tunayo bora kuliko ya Wamarekani wengi, kwa kuwa mama hupokea M-Pesa akiwa chini ya mwembe, ilhali huku baada ya Beryl walikuwapo waliongoja hundi ya karatasi kwenye sanduku la posta ambalo kimbunga kilikuwa kimeling'oa.

Tena tumeshawahi kufanya vizuri zaidi ya huku. Mpango wa Hunger Safety Net, wa kuzipa fedha kaya maskini za maeneo kame, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, uliziandikisha kaya mapema, ukazifungulia akaunti, na ukame unapozidi kiasi fulani katika vipimo vya setilaiti, kaya zaidi huongezwa na kulipwa bila mtu kwenda kujieleza upya. FEMA haina kitu kama hicho; yenyewe husubiri paa lianguke. Kwa nini basi ukame uwe na orodha inayotangulia na mafuriko yawe na daftari linalofuata? Mafuriko ya Tana hayaji kama mwizi. Bwawa la Masinga, lililo juu ya mto huo, likijaa na kuanza kumwaga, redio hutangaza, na sisi wa chini twajua kwamba maji yako njiani. Siku hizo zatosha kuhakiki nambari za simu za vijiji vyote vya kando ya mto.

Hoja ya hatimiliki nayo huletwa, kwamba watu wa kule hawana karatasi za ardhi. FEMA nayo kwa miaka mingi iliwanyima watu, wengi wao familia za Waamerika Weusi wa kusini, waliokaa katika nyumba za babu zao bila hati, mpaka mwaka 2021 ilipoanza kukubali ushahidi mwingine, na pale ambapo hakuna kabisa, hata tamko la mwombaji mwenyewe. Kijijini kwetu kila mtu anajua shamba la nani linaishia kwenye mkunazi gani.

Wakati huo wote aliyemlipa mama ni mimi. Nilituma kutoka Houston usiku uleule alionipigia, na fedha zilifika kabla hajakata simu. Mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na sina shaka sehemu yake ilinunua mabati na mbegu katika mabonde ya mito. Viongozi hutusifu kwa hilo hadharani. Mimi sifa hiyo hainikai vizuri, kwa sababu jirani wa mama, mjane ambaye hana mtoto hata Malindi, aliandikwa katika ukurasa uleule uliolowa.

Nilipomsimulia mama habari ya barua yangu alicheka, akauliza kama walionikatalia waliweka na sahihi. Mvua zilizofuata yule mtu wa ofisi alirudi na daftari jipya. Mama alikubali kuandikwa, kisha akamwambia, "Mwanangu, na mimi niandikie." Kijana alisita kidogo, akachana pembe ya ukurasa wa nyuma, akaandika tarehe na nambari ya mstari wake: 41. Mama amekiweka kipande hicho ndani ya plastiki moja na kitambulisho chake.