Manuae: nani alinde kisiwa kisicho na watu?

Manuae, katika Visiwa vya Cook kwenye Bahari ya Pasifiki, ni duara la matumbawe lenye visiwa viwili vidogo, kiasi cha kilomita 100 kusini-mashariki mwa kisiwa cha Aitutaki. Zamani palikuwa na mashamba ya minazi na vibarua wa mbata. Leo hakuna anayeishi huko. Wenye ardhi, watu wa asili ya Aitutaki, wanataka kuitunza wenyewe iwe hifadhi ya kasa na ndege wa baharini. Wapo wanaouliza kwa nini serikali isiichukue.

Hoja ya wenye ardhi ina uzito. Kwa sheria za nchi hiyo ardhi ya asili haiuzwi; hukodishwa tu, tena kwa miaka isiyozidi 60. Serikali huja na kuondoka, haki ya ukoo haipigiwi kura. Na rekodi ya serikali yenyewe si ya kutambia: Suwarrow, kisiwa kingine cha nchi hiyo, ni hifadhi ya taifa tangu 1978, lakini walinzi huondoka msimu wa vimbunga ukiingia.

Tatizo liko kwenye ra'ui, desturi yao ya kufunga eneo lisivunwe kwa muda. Kijijini hushikiliwa na macho ya majirani: ukivua palipofungwa, hadi jioni kila mtu ana habari. Manuae jirani hayupo. Chukua kaa wa nazi, yule jitu anayepatikana hata Chumbe, Zanzibar. Hukua polepole mno, huishi miongo kadhaa, na nyama yake hugombewa. Boti moja, usiku mmoja, magunia machache, basi wakubwa wote wamekwisha. Wala mvunaji si lazima awe mgeni. Mwenye ardhi naye ana harusi ya kulisha. Wengi wao wako New Zealand, na kila kizazi huongeza warithi wa haki ileile. Kuwapatanisha si kazi ndogo.

Mimi niko upande wao, ila wajifunge wao kwanza: kila safari iwe na kikomo cha kaa, na mzigo uhesabiwe hadharani gatini Aitutaki. Serikali ibaki na bahari, ambako sheria ya Marae Moana, hifadhi ya bahari ya nchi hiyo, ya 2017 inazuia uvuvi mkubwa wa kibiashara ndani ya maili 50 za baharini kuzunguka kila kisiwa. Halafu kuna gharama, kuanzia mafuta ya boti ya kufika huko. Anayewataka wenye ardhi waachane na mbata na hoteli aseme pia atachangia kiasi gani.