Deni la ghala lilikuwepo kabla ya IFRS 16

Tangu Januari 2019, IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa pango (mali ya kukodi), inalaumiwa kwamba inazitwisha kampuni madeni ambayo hazikuyakopa. Kigoma lawama hii ina pa kushika. Mzigo unaoletwa na treni kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura, bandari nyingine za Ziwa Tanganyika, hulala kwanza kwenye maghala, na mengi ni ya kukodi.

Chukua ghala moja karibu na bandari. Mkataba ni wa miaka mitano usiovunjika, kodi Sh milioni 24 kwa mwaka, inalipwa kila mwaka unapoanza, na benki ingeikopesha kampuni hiyo kwa riba ya asilimia 16. Zamani mhasibu aliandika gharama ya milioni 24 kila mwaka, basi. Sasa, kodi ya kwanza ikishalipwa, malipo manne yaliyobaki yanapigiwa hesabu kwa thamani ya leo, yaani yanapunguzwa kwa riba hiyo ya asilimia 16: Sh milioni 67.2. Hilo ndilo deni la pango. Ukijumlisha na ile 24, haki ya kutumia ghala inaingia kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni) kwa milioni 91.2, na uchakavu wake, yaani hizo zikigawanywa kwa miaka mitano, ni milioni 18.2 kwa mwaka.

Kinachouma ni mwaka wa kwanza. Uchakavu na riba ya milioni 10.7 vinafika karibu milioni 29, wakati mwenye ghala kapokea 24 zilezile. Mwaka wa tano riba imekwisha, inabaki 18.2 peke yake. Jumla ya miaka mitano ni milioni 120 kwa njia zote mbili, ila mwenye hisa anayesubiri gawio la mwaka wa kwanza hafarijiki na hilo, na ana haki ya kuelezwa mapema.

Benki nayo ina lake. Kampuni yenye mtaji wa milioni 100 na mkopo wa milioni 50 ilikuwa na uwiano wa deni kwa mtaji wa 0.5. Ongeza milioni 67.2, uwiano unaruka hadi 1.17. Kama sharti la mkopo ni usizidi 1, limevunjwa bila shilingi moja mpya kukopwa. Dawa ni kwenda benki kabla ya kufunga hesabu, sharti liandikwe upya kwa kutaja wazi kama deni la pango linahesabiwa au la.

Lakini mtazame jirani aliyekopa akajenga ghala lake. Miaka yote deni lake lilionekana, huku mpangaji aliyefungwa na mkataba wa miaka mitano akionekana hana mzigo. Biashara zikilala kesho, wote wawili wanadaiwa. Kiwango hiki kimemtendea haki jirani huyo, na kimemtendea haki pia anayeuza bidhaa kwa mali kauli huku akisoma mizania ya mteja wake.

Wapo wanaokimbilia mkataba wa miezi 11, kwa kuwa pango lisilozidi miezi 12 linaruhusiwa kubaki gharama ya kawaida. Mkaguzi ataangalia kama mpangaji ana haki ya kuongeza muda. Kama anayo, na amekwisha kumwaga sakafu ya zege na kufunga mizani, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba atahama mwezi wa kumi na mbili.

Boti nazo huwachanganya wengi. Kulipia nafasi ya magunia ni huduma. Kukodi boti moja inayojulikana kwa miaka miwili, wewe ukiamua iende bandari gani na lini, ni pango, hata kama nahodha ni wa mwenye boti. Malipo ya nahodha yanaweza kutengwa, yabaki gharama ya huduma.

Kampuni ndogo zinazotumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati hazina mzigo huu, kodi yao ya kawaida inabaki gharama.

Kwa waliobaki, ugomvi mkubwa na wakaguzi ni riba ya kupigia hesabu deni hilo. Ghala lile lile kwa asilimia 10 linatoa deni la milioni 76.1 badala ya 67.2. Kwa hiyo barua ya benki inayoonyesha riba ya mkopo wa muda na dhamana inayofanana, ya tarehe pango lilipoanza, ikae kwenye faili pamoja na mkataba.