Fedha za Ebola Zipite Mlango Gani?

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Agosti 2018, ukafika Ituri na kumalizwa Juni 2020, uliua watu 2,287. Hoja uliyoiacha ingali inatusumbua: fedha ziende kwa vikosi vya dharura vinavyokuja wakati wa mlipuko, au kwa vituo vya afya vya kila siku?

Wanaotetea vikosi hawasemi ovyo. Chanjo ya Ebola ilipaswa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, au kali zaidi. Friji ya kawaida ya kituo cha afya haifiki huko, hata umeme ungekuwepo usiku kucha. Vikosi vilikuja na majokofu, magari na watu, na zaidi ya watu 300,000 wakachanjwa. Bila kazi hiyo tungezika wengi zaidi.

Lakini mfikirie mama wa Butembo, mji wa Kivu Kaskazini, aliyembeba mtoto mwenye surua. Kituo hakina dawa, na barabarani magari ya Ebola yanapishana. Mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Watu wakasema Ebola ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Vita na siasa vilichangia, tena sana. Hata hivyo, mtu aliyezoea kurudi kutoka kituoni mikono mitupu atamwaminije mgeni aliyejifunika gubigubi, amekuja kumchukua mgonjwa wake?

Juni 2019 ugonjwa ulivuka mpaka hadi Kasese, Uganda. Mtoto wa miaka mitano alipofikishwa hospitali ya Kagando, waliomtilia shaka ni wahudumu wa pale pale. Akahamishiwa Bwera, na maabara ya Entebbe ikathibitisha. Mtoto huyo hakupona, wala bibi yake na mdogo wake, lakini Ebola haikuenea Uganda.

Kasese haikuwa na vita kama Beni ya Kivu Kaskazini, kwa hiyo ulinganisho una mipaka. Ila wahudumu wa afya wapatao 4,700 wa Uganda walikuwa wamekwishachanjwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ni fedha za dharura zilezile, safari hii zikapita kwa watu wanaoingia zamu kila siku. Mimi naunga mkono njia hiyo. Kila bajeti ya mlipuko itenge fungu la bomba la maji, dawa na mshahara wa muuguzi anayebaki magari yakishaondoka.