Kisima Kilichotembea Kichwani

Kisima hakiendi popote, lakini kwenye GPS ya mkononi kinacheza. Ukihifadhi mahali kwa kipimo kimoja, penye uwazi, unaweza kukosea mita tatu hadi tano; ukisimama chini ya mwembe, zaidi. Dawa yake ni kukiacha kifaa kitulie palepale, kikusanye vipimo vingi, kisha kitoe wastani. Mwenye subira anarudia hivyo mara nne hadi nane, kila mara akingoja angalau dakika 90 ili setilaiti zihame angani.

Mimi nilikuwa Kondoa, nimetumwa kuweka visima kwenye ramani, na subira ninayo. Mkono ndio uliochoka. Jua la saa saba, pampu inalia kwiii-kwiii, foleni ya madumu ya njano imenyooka, wenyewe wako kivulini wanasukana. Nikaifunga GPS kwa kamba yake kwenye mpini wa dumu la nyuma kabisa, mbuzi wasije wakaiangusha, nikamfuata balozi wa nyumba kumi aliyeniita tukanywe uji.

Uji ulikuwa mtamu. Foleni ikasogea. Dumu likajazwa, likatwishwa, likaenda zake.

Tulilikuta uani kwa mama mmoja, mbele kidogo ya kwa balozi. GPS inaning'inia vilevile, kioo kinasema asilimia 100, vipimo vimetosha. Nikafungua ramani. Kisima cha kijiji kilikuwa kimetua katikati ya njia, juu ya choo cha balozi! Wamarekani walikuwa wakivuruga mawimbi ya GPS kwa makusudi, raia akosee hata mita mia, wakaacha Mei 2000. Mama huyu kairudisha kazi yao kwa ngata tu.

"Shikamoo mama. Hukukiona hiki kidude?"

"Marahaba baba. Nimekiona sana. Ndiyo maana nimetembea polepole, kisije kikahesabu mara mbili."

Kumbe pale kijijini zilishazagaa habari kwamba maji yatalipiwa kwa dumu, na yeye akajua ndiyo mita yenyewe imefika.

"Haya, kimesoma ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, balozi akachungulia kioo, akanisaidia kujibu: "Mia."

Mama akaguna, akafungua fundo la khanga, akanipa sarafu ya mia mkononi.

"Na risiti, baba."