Kamati ya Maegesho

Mimi sina ugomvi na ndege. Nimezaliwa Singida, mkoa ambao kuku ndiye heshima yake. Mgeni akifika, hajakaa sawasawa, nyuma ya nyumba kuna kuku ameshaanza kukimbizwa. Naomba mnielewe hapo: kuku ndiye anayekimbizwa. Leo asubuhi, huku Massachusetts, Marekani, wameugeuza utaratibu.

Natoka shifti ya usiku. Wanaofanya kazi ya kugeuza wazee vitandani wanajua mgongo unakuwaje ikifika saa moja asubuhi, sielezi. Nimeegesha gari, nimezima, nawaza kitanda. Nainua macho, nawaona bata mzinga watano, madume matupu, wamejipanga mbele ya mlango wa jengo letu kama kamati ya harusi inayodai mchango uliouahidi mbele za watu.

Mkubwa wao ana ndevu, tena hazioti kidevuni, zinaota kifuani, zinaning'inia kama brashi ya viatu. Kichwa kipara. Juu ya mdomo kuna kinyama kinachoning'inia, sijui cha kazi gani. Aliponiona, utosi ukawa mweupe, mashavu ya buluu, shingo ikaiva nyekundu, yote hayo mbele ya macho yangu. Akatanua mkia, akashusha mabawa mpaka yakakwaruza lami.

Nikasema hapa inatakiwa busara ya mtu mzima. Nikashuka taratibu, nikafunga mlango: pa! Wakajibu wote watano kwa mpigo: gulugulugulu! Nikarudi ndani ya gari. Nikapiga honi. Gulugulugulu! Mwezi huu wa Mei dume la bata mzinga hujibu kelele yoyote ya ghafla, hata radi, mradi ijulikane kwamba yupo.

Simu ikaita. Gulugulugulu! Mama, kutoka nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko sokoni?"

Nikamweleza. Kimya kidogo. Kisha: "Ana kilo ngapi?"

"Labda kumi, mama."

"Sasa umekaa kwenye gari unangoja nini?"

Nikamwambia huku kuna msimu, kuna kibali, na ni marufuku kufyatua bunduki chini ya mita 150 kutoka nyumba ya mtu.

"Nani amesema bunduki? Nimesema kisu."

"Mama, hawa wako chini ya serikali."

"Basi iite hiyo serikali ije iwatoe mlangoni," akakata simu.

Sasa gari langu ni jeusi na jana nililiosha. Hilo ndilo kosa langu. Yule mkubwa akalizunguka, akafika kwenye mlango wa dereva, akaona humo ndani kuna dume mwenzake, kipara vilevile, ndevu vilevile, anamkazia macho. Ngo! Akamdonoa. Na yule wa kwenye rangi naye akamdonoa. Ngo! Ngo! Jamani, deni la gari hili nalilipa mpaka mwaka wa kesho kutwa! Kila ngo naisikia mfukoni.

Heshima ikaniishia pale. Nikatokea mlango wa abiria na ile brashi ya kufutia theluji kwenye gari, nikafoka Kinyaturu, maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Watu wa wanyamapori wa jimbo ndivyo wanavyoshauri: usionyeshe woga, piga kelele, mtishe kwa fagio au mrushie maji ya bomba. Hawakusema yeye akiwa hajasoma ushauri huo itakuwaje. Alirudi nyuma hatua mbili, akafikiri, akaja. Tukalizunguka gari mara tatu. Raundi ya tatu sikuwa na hakika tena nani anamfukuza nani, ila mimi ndiye niliyekuwa nahema. Nikajifungia tena, nikasinzia humohumo na brashi mkononi, mpaka saa nne.

Wanasema ndege hawa huishi kwa vyeo, na waliozoea watu hutupanga na sisi kwenye vyeo hivyo. Mleta barua wanamsindikiza mbio mpaka getini. Mimi, kwa ushahidi wa leo, niko chini ya mleta barua. Lakini mwenye jengo akipita, wanamwachia njia. Hata ndege anajua nani analipa kodi na nani anaipokea. Na wewe dada wa ghorofa ya pili unayewatupia mkate dirishani, Mungu anakuona.

Aliyeniamsha ni jirani yangu, mzee wa Kimarekani, mwindaji. Msimu wa pili huu anaamka saa tisa usiku, anaendesha hadi msituni, anakaa chini ya mti amevaa majani na uso kaupaka rangi. Anasema bata mzinga wa porini ana macho makali: mbu akikuuma usimpige, ukijikuna tu ndege kapotea. Leo tena amerudi mikono mitupu. Akasimama katikati ya maegesho na bunduki yake kwenye mfuko, akiwatazama hao watano wakigombania kipande cha mkate, nao wakimtazama. Sijawahi kumwona mtu mzima akikaribia kulia namna ile.

Akanitazama na mimi: sare ya buluu, jaketi jeupe, kofia nyekundu. Akaniambia mwindaji mwenye akili havai rangi hizo hata soksi, maana ndizo rangi za kichwa cha dume, mwenzako anaweza kukupiga risasi. Asante, jirani.

Halafu, kwa wema wake, akatoa kile kiboksi cha mbao cha kuigizia sauti ya jike, akakwaruza mara mbili. Kamati nzima ikaniacha, ikatanua mikia, ikamfuata yeye. Mzee wa watu akarudi kinyumenyume, akapanda juu ya pikapu yake, akabaki huko na majani yake. Mimi nikapita mlangoni. Sikugeuka nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa nao ni wahamiaji. Wa asili jimbo hili waliisha kabisa kufikia 1851. Waliopo ni uzao wa 37 waliokamatwa New York mwaka 1972 na 1973, wakaletwa kwa gari la serikali, bila nauli wala usaili ubalozini, wakaachiwa kwenye milima ya Berkshire. Leo ni zaidi ya 30,000. Mimi viza tu nilifunga siku tatu.

Basi nimelala kwa muda wa saa tatu na nusu. Mashine ya kufulia ya chini imemeza sarafu zangu na sare iko ndani, imelowa, na saa tano usiku natakiwa kazini. Mama ametuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, sijaufungua. Nimechungulia dirishani: jirani ameshashuka, na wale watano wamepanda kulala mtini, maana usiku hawakai chini. Mti wenyewe ni ule mwaloni ulio juu ya nafasi yangu ya gari.